Mzio wa Kuvumwani na Mosi za Mitini: Kuutambua na Kuudhibiti

Mtu apandaye mlima kutoka mjini Morogoro kuelekea kilele cha Bondwa huanza safari yake kwenye kimo cha meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, katika joto na vumbi. Hupita mashamba ya migomba na mboga, huipita nyumba kuukuu ya Morningside, ndipo akaingia msituni. Kadiri anavyopanda ndivyo magome ya miti yanavyozidi kufichika. Kwanza huona mabaka ya kijivu na ya manjano yaliyogandamana na shina kama rangi iliyomwagika. Mbele kidogo huona nyuzi za kijani-kijivu zikining'inia matawini mfano wa ndevu za mzee. Karibu na kilele, penye meta 2,120, miti huwa mifupi na iliyopinda, na kila tawi limevikwa vazi nene la kijani lidondoshalo maji hata siku isiyo na mvua.

Vazi hilo ni neema kubwa kwa nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alikuwa akifundisha Morogoro katika kitivo cha kilimo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Alipima kwa subira mimea midogo iishiyo juu ya miti ya Uluguru, na mwaka 1980 akachapisha matokeo yake. Katika msitu wa mosi wa huko juu, hekta moja ilibeba karibu tani 14 za mimea hiyo ikiwa imekaushwa, nayo iliweza kuzuia lita 50,000 hivi za maji katika mvua moja. Hiyo ni sawa na tabaka la maji lenye kina cha milimeta 5 lililotandazwa juu ya hekta nzima. Chini zaidi, penye meta 1,415, mimea hiyo ilikuwa tani 2 na kidogo, na maji yaliyozuiwa lita 15,000. Maji hayo hudondoka polepole, huingia ardhini, na hatimaye huufikia mto Ruvu, ambao ndio unywewao Dar es Salaam.

Lakini vazi hilohilo lina kemikali ambazo ngozi za watu wachache hazizivumilii. Wengi wa wapitao msituni, na wengi wa wabebao kuni zenye ndevu hizo mabegani, hawadhuriki maisha yao yote. Mmoja kati yao huanza kuwashwa shingoni na mikononi, akavimba kope, akatokwa malengelenge madogo yatoayo maji. Hupona, kisha hurudiwa. Asipojulishwa chanzo, mtu huyo huweza kumaliza miaka akipaka dawa za choa zisizomfaa, au akajichubua kwa krimu kali za madukani, au akashuku mkono wa jirani. Kuutambua ugonjwa wenyewe ndiyo nusu kubwa ya kuuponya.

Viumbe vitatu vinavyochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, chochote kiotacho juu ya gome huitwa kwa jina moja, mara kuvu, mara ukoga. Kwa tabibu na kwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe hapana budi kutenganisha angalau vitu vitatu, kwa sababu kemikali zake si za namna moja.

Cha kwanza ni mosi. Hizi ni mimea halisi ya kijani, midogo sana, yenye vijishina na vijani vilivyozunguka pande zote, lakini isiyo na mizizi ya kweli wala maua. Mosi ndizo zilizo laini kama zulia. Kwa upande wa mzio ndizo zisizo na hatia sana kati ya hao watatu.

Cha pili ni ndugu wa mosi waitwao Frullania, wa kundi la mimea ambayo wataalamu huiita hepatiki. Macho ya kawaida hayawezi kuwatenga na mosi. Kwa kioo cha kukuzia, Frullania huonekana kama utepe mwembamba wa kahawia-kijani au wa rangi ya damu ya mzee, uliotambaa juu ya gome, wenye vijani vilivyopangika safu mbili, na chini ya kila kijani kuna kifuko kidogo mfano wa kofia kihifadhicho maji. Misitu ya milima ya Afrika Mashariki, Uluguru ikiwemo, ina spishi nyingi za Frullania.

Cha tatu si mmea hata kidogo. Ni kuvumwani, na jina lake la Kiswahili lasema kweli kuliko majina ya lugha nyingi: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja katika mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji na chumvi; mwani, akiwa na klorofili, hupika chakula kwa mwanga wa jua. Ndevu za mzee ziningʼiniazo matawini, ambazo jina lake la kitaalamu ni Usnea, ni kuvumwani. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuvuta uzi mmoja taratibu: ganda la nje hukatika, na katikati huonekana ujiti mweupe unaonyumbuka kama mpira.

Ni huyu wa tatu aliyeupa mzio wa "mosi za mitini" jina lake, ingawa kwa makosa. Wafanya biashara ya manukato wa Ulaya walizoea kuziita mosi kuvumwani mbili wanazozikusanya: Evernia prunastri iotayo juu ya mialoni, waliyoiita mosi ya mwaloni, na Pseudevernia furfuracea iotayo hasa juu ya misonobari, waliyoiita mosi ya mti. Jina hilo la kibiashara likaingia hospitalini na likabaki.

Kuvumwani hutengeneza asidi nyingi ambazo hazipatikani kwa viumbe wengine. Mwanafunzi aliyewahi kuchovya karatasi ya litimasi katika siki amekwisha kutumia mojawapo ya mazao yake, kwani rangi ya litimasi ilitolewa katika kuvumwani za jamii ya Roccella. Katika karne ya 19 Roccella ilikusanywa kwa wingi kwenye miti ya pwani ya Afrika Mashariki na kupakiwa majahazini na merikebuni kutoka Zanzibar, ikapelekwa Ulaya kutia nguo rangi ya zambarau. Kemikali zihusikazo na mzio ni za ukoo wa jirani: asidi ya usniki, ambayo ndiyo iipayo Usnea rangi yake ya manjano-kijani, na atranorini. Hizi hujikusanya kama vijichembe vya fuwele juu ya nyuzi za kuvu, karibu na uso. Kuvumwani ikikauka huwa kama mkate mkavu. Ikisuguliwa humeguka kuwa vumbi, na vumbi hilo hubeba fuwele mpaka shingoni na machoni.

Frullania hana asidi hizo. Silaha yake ni kemikali za kundi liitwalo laktoni za seskwiterpini.

Namna ugonjwa ulivyojulikana

Watu wa kwanza kueleweka na matabibu walikuwa wakata miti. Nchini Ufaransa, wakata mialoni na wauza kuni walikuwa wakiugua ngozi kila msimu wa mvua, na wenyewe walidhani mti ndio wenye sumu. Huko British Columbia, magharibi mwa Kanada, wakata miti walikuwa na jina lao la ugonjwa lililoulaumu mwerezi. Uchunguzi wa miaka ya 1950 na 1960 ulionyesha kwamba mti mara nyingi ulisingiziwa: kilichowadhuru kilikuwa juu ya gome, yaani Frullania, na kwa baadhi yao kuvumwani. Mwaka 1969 wanakemia na matabibu wa Ufaransa, akiwemo Guy Ourisson wa Strasbourg, walitangaza kwamba wameitenga kemikali yenyewe ya Frullania, nayo ikaitwa frulanolidi. Huko Finland, mwaka 1981, iliandikwa habari ya wakusanyaji wa kuvumwani nyeupe ya ardhini, iuzwayo kwa ajili ya mapambo, ambao mikono yao ilipatwa na ugonjwa wa namna hiyohiyo.

Habari hizi za mbali zina maana kwa Morogoro. Kazi ni ileile: kukata, kubeba, kusugua mwili na gome lililovaa. Na jambo moja lafaa kukumbukwa na mkazi wa miteremko ya mashariki ya Uluguru, ambako mvua hainyeshi kwa msimu tu bali karibu mwaka mzima: ukurutu wa Frullania huzidi wakati wa unyevu na hupungua wakati wa ukavu.

Mwili unaokumbuka

Neno mzio lilikuwako katika Kiswahili kabla ya elimu ya tiba kulichukua. Lilikuwa na maana ya kitu ambacho mtu au ukoo umejizuia nacho, hasa chakula: mwenye mzio wa nyama fulani hakuila. Wenzake waliila bila shida, yeye ilimdhuru. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, tabibu wa watoto wa Vienna, alipotafuta neno la kueleza mwili uliobadili namna yake ya kupokea kitu, alibuni neno jipya kutoka Kigiriki. Kiswahili hakikuhitaji kubuni.

Mzio wa ngozi unaozungumzwa hapa hautokani na sumu. Sumu humdhuru kila mtu, na huanza mara ya kwanza. Upupu, kwa mfano, humwasha yeyote aguswaye na vinyweleo vyake. Huo si mzio. Kemikali ya kuvumwani ni molekuli ndogo mno kiasi kwamba peke yake haiwezi kutambuliwa na kinga ya mwili. Inapopenya ngozi hujiunga na protini za mwili wenyewe, na muungano huo ndio uonekanao kuwa mgeni. Seli za ulinzi zilizo katika ngozi, zilizogunduliwa na Paul Langerhans mwaka 1868, humchukua mgeni huyo mpaka kwenye tezi za limfu na kumwonyesha kwa chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti za aina ya T. Hizo huzaliana na kuhifadhi kumbukumbu. Kazi yote hiyo huchukua siku kumi au zaidi, na mhusika hajui lolote. Kwa mwingine hutokea baada ya miaka ya kugusa kitu kilekile bila madhara, ndiyo sababu hoja ya kwamba "nimebeba kuni hizi tangu utotoni" haiondoi mashaka.

Kumbukumbu ikishawekwa, kila mguso mpya huziita limfosaiti hizo mahali palipoguswa, nazo huleta uvimbe na mwasho. Kwamba kumbukumbu hiyo imo ndani ya chembe zenyewe, si katika maji ya damu, kulithibitishwa mwaka 1942 na Karl Landsteiner na Merrill Chase. Walichukua chembe za simbilisi waliokwisha kupata mzio, wakawadunga nazo simbilisi wazima, na hao wazima wakawa na mzio uleule.

Jambo la kushika katika maelezo haya ni muda. Kwa kuwa chembe zina safari ya kwenda, ukurutu hautokei papo hapo. Hutokea baada ya siku moja, mbili, hata tatu. Mtu aliyebeba kuni Jumamosi huamka na malengelenge Jumatatu, akalaumu chakula cha Jumapili.

Dalili na zinazofanana nazo

Mwasho ndiyo dalili kuu. Ugonjwa usiowasha haupaswi kuitwa mzio wa mgusano. Hufuata uvimbe, vipele vidogo vilivyosongamana, na pengine malengelenge. Mgonjwa akiendelea kugusa, ngozi hunenepa, hukauka na kupasuka. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya husema ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au kijivu chenye magamba, na baada ya kupona hubaki doa jeusi kwa miezi. Mwalimu au mhudumu wa afya anayesubiri kuona wekundu atawaacha wagonjwa wengi.

Mahali penyewe husema mengi. Kilichoshikwa kwa mkono huacha alama viganjani, katikati ya vidole na kwenye mikono ya mbele. Mzigo wa kuni huacha alama begani na upande mmoja wa shingo. Vumbi hushambulia uso, kope na shingo, yaani sehemu zisizofunikwa. Kope zina ngozi nyembamba kuliko zote, hivyo huweza kuvimba hata viganja vikiwa salama.

Lakini si kila kiwashacho katika milima hii ni mzio. Upele huwasha zaidi usiku, hupenda kati ya vidole na kiunoni, na aghalabu zaidi ya mtu mmoja nyumbani huugua. Choa hufanya duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyotulia. Bato la ukoma halisikii mguso wala haliwashi, na yeyote aliye na bato lililokufa ganzi yampasa aende hospitali bila kungoja. Tena mkoa wa Morogoro ni miongoni mwa mikoa yenye usubi, ugonjwa uletwao na vidudu vinavyoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Nao huleta mwasho mkali wa ngozi, huharibu macho, na una dawa yake tofauti kabisa, ivamektini. Mtu wa kando ya mto awashwaye mwili mzima kwa miezi afikiriwe usubi kabla ya mosi. Utomvu wa mwembe, mafuta ya ganda la korosho na dawa za kunyunyizia mboga navyo viulizwe.

Isitoshe, mwenye mzio wa Frullania huweza kudhurika na mimea ambayo hata haifanani naye, kwa kuwa nayo ina laktoni za seskwiterpini. Mimea hiyo ni ya jamii ya alizeti. Pareto, inayolimwa katika nyanda za juu za kusini, imo. Gugu karoti, lililovamia mkoa wa Arusha, ni mojawapo ya wakali zaidi wa jamii hiyo.

Mzio ulio ndani ya chupa

Huenda mgonjwa wa mzio wa mosi za mitini asiwe mkata kuni bali karani wa Dar es Salaam ambaye hajapata kukanyaga mlima wowote. Kuvumwani za Ulaya zilizotajwa hapo juu zimekusanywa kwa mamia ya tani, hasa katika nchi za Balkani, Ufaransa na Moroko, na kukamuliwa katika viwanda vya mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, ili kutoa dondoo lenye harufu ya msitu mbichi. Dondoo hilo hufanya manukato mengine yakawie mwilini. Mwaka 1917 François Coty alitoa manukato yake yaitwayo Chypre yaliyojengwa juu ya harufu hiyo, na tangu hapo ikawa msingi wa aina nzima ya manukato, hasa yale ya kiume yapakwayo baada ya kunyoa.

Wakati wa kukamua, atranorini na jamaa yake yenye klorini huvunjika na kutoa atranoli na kloroatranoli. Hiyo ya pili ni mojawapo ya vichochea mzio vikali vijulikanavyo katika vipodozi. Kiasi kidogo mno chatosha. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2017 kanuni ya kupiga marufuku kemikali hizo mbili katika vipodozi: bidhaa mpya zenye kemikali hizo zilizuiwa tangu Agosti 2019, na zilizokwisha kuwa madukani zikatakiwa kuondolewa kufikia Agosti 2021. Chupa ya zamani iliyosahaulika kabatini haijui kanuni hiyo. Dondoo la mosi ya mti lina tatizo jingine tena: kwa kuwa kuvumwani hukwanguliwa pamoja na gome la msonobari, utomvu wa mti huingia humo, na mwenye mzio wa utomvu huo, ambao hutumika pia katika gundi za plasta, huumia kwa sababu isiyo ya kuvumwani kabisa.

Kwa mwanamume, dalili ya kushuku ni ukurutu wa mashavu na shingo uliofuata mahali pa wembe. Kwa yeyote, ni ukurutu wa kwapani au nyuma ya masikio. Dawa yake huanza kwa kusoma kibandiko. Tangu 2005 bidhaa ziuzwazo Umoja wa Ulaya, zikizidisha kiwango kilichowekwa, zimetakiwa kuandika majina Evernia prunastri na Evernia furfuracea, na majina hayo huonekana pia kwenye nyingi ziletwazo Afrika Mashariki. Pasipoandikwa lolote ila neno la jumla la manukato, mwenye mzio aichukulie bidhaa hiyo kuwa ya hatari. Ni ukali wa kupita kiasi, lakini hana njia nyingine ya kujua.

Kipimo cha vibandiko

Uthibitisho hutolewa na kipimo ambacho Josef Jadassohn alikionyesha kwanza mwaka 1895, na ambacho msingi wake haujabadilika. Kemikali zinazoshukiwa, kila moja ikiwa imechanganywa na mafuta ya mgando kwa kipimo kisichodhuru ngozi ya kawaida, hubandikwa mgongoni. Vibandiko hukaa saa 48 bila kuloweshwa. Tabibu huvibandua, husoma, kisha husoma tena siku ya tatu au ya nne, kwani mzio wa kweli huzidi kukua ilhali mchubuko wa kawaida hufifia. Mchanganyiko wa manukato utumikao katika kipimo hiki tangu miaka ya 1970 una vitu vinane, na kimoja ni dondoo la mosi ya mwaloni. Pafaapo, huongezwa asidi ya usniki na atranorini, na kwa wafanyakazi wa msituni laktoni za seskwiterpini.

Kipimo hiki si cha kuigiza nyumbani wala darasani. Kumsugulia mtu kuvumwani mbichi mkononi "ili kuona" ni kumpa ngozi yake nafasi ya kujifunza mzio ambao hakuwa nao, na kwa aliye nao ni kumletea malengelenge. Yafaa mgonjwa apelekwe hospitali ya mkoa, na ikibidi kwa wataalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu hao kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika tangu 1992.

Anachoweza kukifanya mgonjwa mwenyewe kabla ya kufika huko ni kuandika daftari: siku gani aliugua, sehemu ipi ya mwili, na siku tatu zilizotangulia aligusa nini, alipaka nini, alikata mti gani. Daftari la miezi miwili lililoandikwa kwa uaminifu humsaidia tabibu kuliko maelezo marefu ya kukumbuka.

Kudhibiti

Kumbukumbu ya limfosaiti haifutiki. Kwa kawaida hudumu maisha yote. Hakuna sindano wala dawa ya miti iliyothibitika kuiondoa. Kwa hiyo tiba hurudi kwenye maana ya kale ya neno mzio: kujizuia.

Msituni na shambani maana yake ni nguo ya mikono mirefu, shingo iliyofunikwa, na glovu. Kuni zibebwe juu ya gunia nene, si juu ya ngozi au kanga nyepesi. Kuni zilizovaa ndevu zikwanguliwe na mtu asiye na mzio, nje, upepo ukimpa kisogo. Baada ya kazi, mwili uoshwe mapema kwa maji mengi na sabuni isiyo na harufu, na nguo zifuliwe kabla ya kuvaliwa tena, kwa sababu vumbi lililobaki kwenye ukosi hufanya kazi yake kesho yake. Lakini asikwangue miti iliyo hai ili kuisafisha. Mti mzima hauumwi na kuvumwani. Nayo mosi inayobanduliwa ni ile iliyopimwa na Pócs, ishikayo maji ya mto.

Ukurutu ukishatokea, ngozi itoayo maji hutulizwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya pamanganeti ya potasiamu yaliyozimuliwa mpaka yakawa na rangi ya waridi hafifu. Ngozi iliyokauka hupakwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara nyingi kwa siku. Tabibu huongeza krimu ya steroidi: hafifu, kama haidrokotizoni, kwa uso na mikunjo, ya nguvu zaidi kwa viganja, na kwa siku zilizohesabiwa. Vidonge vya mzio vinavyonunuliwa madukani husaidia chafya na mabaka ya ghafla, ila kwa ukurutu wa mgusano faida yake kubwa ni kuleta usingizi.

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Krimu za steroidi kali huuzwa kiholela, pengine zikichanganywa na dawa ya kuvu na ya bakteria katika tyubu moja, na nyingine hununuliwa kwa ajili ya kung'arisha uso. Humtuliza mgonjwa kwa siku tano, naye huamini amepona. Kisha hurudi alikotoka, akapaka tena. Baada ya miezi, ngozi ya uso huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, chunusi hutoka, na choa kilichokuwa kidogo husambaa bila duara lake la kukitambulisha. Ukurutu wenyewe haukuhitaji hayo. Ulihitaji kujua kilichogusa. Na kama krimu yenyewe imetiwa manukato, mgonjwa anapaka ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mgonjwa ambaye midomo au ulimi umevimba ghafla, au anayekosa pumzi, hana ugonjwa unaoelezwa hapa. Huyo apelekwe hospitali saa ileile.

Kwa mwalimu anayepeleka darasa Uluguru kusoma mimea, maandalizi ni madogo. Aulize mapema ni nani aliyewahi kupata ukurutu wa manukato, plasta au kuni. Kuvumwani na mosi zitazamwe kwa kioo cha kukuzia zikiwa palepale juu ya gome. Tone la maji likidondoshewa kuvumwani kavu, baada ya muda mfupi kijivu hugeuka kuwa kijani, kwa kuwa ganda la kuvu likilowa hupitisha mwanga na mwani aliye chini huonekana. Tangu 2008 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo kubandua na kuchukua sampuli kunahitaji kibali. Mwanafunzi mwenye mzio hana sababu ya kuachwa shuleni. Ashike daftari na dira, aandike kimo, upande wa shina uliovaa zaidi na aina ya mti, kazi isiyomtaka aguse gome.